Udongo wa Mgodini

Mwezi uliopita nilimnyang'anya mwenzangu wa ofisini kipande cha udongo kutoka mdomoni. Naam, mdomoni. Binti wa watu ana mimba ya miezi mitano, amekaa zake mezani hapa Dodoma, anafungua droo, anatoa kijiti cha pemba, ule udongo wa wajawazito, na kuuma. Nikausikia ule mlio wa udongo ukikatika kwenye meno, harufu yake ikanifikia, harufu ya ardhi iliyoguswa na matone ya kwanza ya mvua. Sijui nilisimama saa ngapi. Nilipojitambua kijiti kilikuwa mkononi mwangu, kimelowa mate, naye ananikodolea macho.

"Dada Nyemo, una nini lakini?"

"Umeununua wapi huu?"

"Si sokoni! Kwa yule mama anayeuza ndizi."

"Na yeye kautoa wapi?"

"Sasa mimi nitajuaje? Udongo si udongo tu, jamani!"

Nilimwomba radhi, nikamnunulia embe, wenzetu wakanicheka mpaka saa ya chai ikapita. Sikuwaeleza kitu. Nawaeleza ninyi wa rika langu, mliotumwa udongo na mama zenu kama nilivyotumwa mimi.

Kijiji chetu kiko juu ya Gulwe, pale unapoiacha reli na kuanza kupanda kuelekea vilimani. Baba alifanya kazi kwenye genge la reli, na kila mvua ikija na kusomba tuta, yeye alikuwa haonekani nyumbani kwa wiki kadhaa. Tulibaki watatu: mimi, Mama, na Bibi, yaani mama yake baba, ndani ya tembe yetu yenye paa bapa ambalo mbuzi walipanda wakijisikia. Nyuma ya kilima cha kwanza, mwendo wa dakika kumi, ndiko kulikuwa mgodini.

Bibi ndiye aliyenipa habari zake. Wajerumani ndio waliotangulia kutoboa. Kisha wakaja Waingereza na mitambo, wakachimba dhahabu miaka na miaka, halafu siku moja wakaondoka na kuacha vyuma vikiota kutu. Kaka yake Bibi alikuwa akiwabebea mawe. Magogo yaliyoshikilia dari yakavunjika, akafukiwa humo. "Walipiga filimbi," Bibi alikuwa akisema, "wakahesabu watu, wakakuta kapungua mmoja. Kesho yake wakafungua shimo jingine." Hawakumtoa mpaka leo.

Baadaye sana, mimi nikiwa bado sijaanza shule, wakaja wachimbaji wadogo na karasha zao za kusagia mawe, wakachakura palepale kwenye mabaki ya wazungu. Dhahabu ilipokonda nao wakahama. Waliacha mashimo yasiyo na uzio, bwawa la maji ya kijani lisilo na chura hata mmoja, na malundo ya mchanga laini wa kijivu uliobaki baada ya mawe kusagwa na kuoshwa. Wenyewe waliuita marudio. Juu ya marudio hakikuota kitu, hata mbigiri, na mbigiri kwetu huota mpaka mlangoni pa kanisa.

Niliogopa mahali pale kwa mwili mzima. Ukikaribia mdomo wa shimo kubwa ulipigwa na upepo wa baridi kutoka chini, saa saba mchana, kwenye jua letu lile la Ugogo. Nilisadiki kabisa kwamba ile ni pumzi ya kaka yake Bibi. Na Bibi hakunisaidia. "Shimo lile halishibi," aliniambia. "Ukichukua chake, linakuja kuchukua chako."

"Hata jiwe, Bibi?"

"Hata vumbi la miguuni. Jikung'ute kabla hujaingia kwangu!"

Basi nikakua nikiogopa shimo. Mchanga hakuna aliyenitisha nao, na watoto wengine waliteleza juu yake kwa makalio kila Jumamosi wakirudi kuchunga.

Sasa, Mama alikuwa amekwisha kuzika watoto wawili baada yangu, wote kabla hawajaota jino. Alipobeba mimba ya tatu nyumba nzima ilianza kunyata. Bibi, mwenye magoti mabovu, alibeba maji mwenyewe ili mkwewe asijitwike ndoo. Na mimi nilimtaka mdogo wangu yule kuliko kitu chochote. Nilikuwa na miaka tisa, nimechoka kuitwa wa pekee, nimechoka kumwona Mama akikunja vinguo vya watoto waliokufa na kuvirudisha sandukuni. Kila usiku nilimwambia Mungu kwamba huyu naomba abaki.

Mimba ile ikamletea Mama hamu ya udongo isiyo na adabu. Ugali wa uwele anautapika, mlenda anautapika, udongo unakaa. Bibi hakuukataza, ila aliweka sharti: wa kichuguu tu. "Wa mchwa ni safi, wenyewe wameuchambua." Kichuguu chenye udongo mzuri kilikuwa ng'ambo ya korongo, karibu saa nzima kwa miguu yangu. Nikitoka shule naenda na kopo, nachimba, narudi. Mama anaukanda, anaukausha juu ya kigae motoni, anauvunja vipande na kuvifunga kwenye pindo la khanga. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu, na niliifanya vizuri.

Mpaka siku moja mvua iliponyesha huko juu na korongo likaja na maji ya matope, limebeba na miti. Sikuweza kuvuka. Nilisimama pale na kopo langu nikilia kwa hasira. Nirudi mikono mitupu? Mama alikuwa hajatia kitu tumboni toka asubuhi. Nikakata shauri kupita mgodini.

Loo, nilivyotetemeka! Nilipofika karibu na shimo kubwa nilipiga goti kama nilivyofunzwa kwa wakubwa, nikasema kwa sauti, "Shikamoo Babu. Naomba kidogo tu, ni kwa ajili ya mgonjwa." Shimo halikuitikia. Nikajaza kopo marudio, nikachanganya na udongo mwekundu wa njiani ili rangi isinitoe, nikalowesha kwa maji ya bwawa, nikakanda kabisa ili Mama asije akakanda mwenyewe na kushtuka. Kisha nikakimbia bila kugeuka. Nyumbani nilijikung'uta miguu mpaka Bibi akaniuliza kama nimekanyaga siafu.

Mama aliuma kipande cha kwanza, akaacha kutafuna, akanitazama.

"Wa leo mtamu," akasema. "Unalainika wenyewe mdomoni. Na kesho nichukulie papo hapo."

Basi nikawa naenda papo hapo. Wiki nyingi tu. Dakika kumi badala ya saa nzima, nani angekataa? Kila siku shikamoo Babu, kila siku shimo kimya, na mimi nikianza kuamini kwamba babu yule kanikubali. Tumbo la Mama likakua, uso wake ukajaa, Bibi akamwambia jirani kwamba safari hii Mungu katukumbuka.

Halafu mbuzi wa jirani wakanywa maji ya bwawa. Nilimwona mmoja wao akirudi. Miguu ya mbele ilikuwa ikitetemeka kila mguu kwa wakati wake, akaanguka mbele ya mlango wetu, macho wazi. Walikufa wanne siku hiyo. Shule ikasema, mwenyekiti wa kijiji akasema, na siku chache baadaye akaja bwana mmoja kutoka wilayani na chupa zake, akachota maji, akachota mchanga, akaondoka. Aliporudi tuliitwa sote kwenye darasa la saba, wakubwa kwenye madawati na sisi watoto chini. Mama alikaa dawati la mbele, mkono juu ya tumbo.

"Maji yale yana sumu, na mchanga ule una sumu," yule bwana alisema. "Ni zebaki."

Mzee mmoja akauliza hiyo zebaki ni kitu gani.

"Ni ile dawa ya wachimbaji ya kukamatia dhahabu, mzee wangu. Wanaichanganya na mchanga. Dhahabu hata iwe punje ndogo isiyoonekana kwa macho, zebaki inaitafuta, inaishika, haiiachi. Sasa iliyobaki inakaa kwenye mchanga na maji. Watoto wasicheze kule, mifugo isinywe, na mama mjamzito hasa awe mbali, maana ikimwingia inamfuata mtoto huko huko tumboni."

Ninyi watu wazima mnajua alichomaanisha. Mimi nilielewa kwa akili ya miaka tisa: kuna kitu kinatafuta punje ndogo ya thamani iliyofichika, kikiipata kinaishika na hakiiachi. Na ndani ya Mama mlikuwa na punje ndogo ya thamani. Basi mdogo wangu kakamatwa. Hatatoka. Nimempelekea mwenyewe, kopo kwa kopo. Nilitazama kucha zangu, zilikuwa na kijivu cha marudio, nikazificha chini ya mapaja. Nilimtazama Mama. Alikuwa akitazama sakafu.

Sikurudi mgodini tena. Kuanzia kesho yake nilirudi kwenye kichuguu, saa nzima kwenda na saa nzima kurudi, hata kama ningefika nyumbani jua limezama. Mama alipokea, akala, hakusema lolote. Nilidhani hakuona tofauti, nikamshukuru Mungu kwa hilo. Lakini kusema ukweli sikuweza. Nilifungua mdomo mara nyingi. Nikimwangalia Bibi alivyokuwa akishona kofia ya mtoto, niliufunga. Jioni Mama aliniita, "Njoo uweke mkono, mdogo wako anacheza." Nikaweka. Yule mtoto akapiga teke, nami nikajua anavutana na zebaki, anataka kujinasua, nikatoa mkono na kukimbilia zizini nikalia kati ya ndama.

Uchungu ulianza Alhamisi alfajiri. Bibi ndiye aliyekuwa mkunga, amezalisha nusu ya kijiji, akanituma maji na kuniambia nikae nje. Ijumaa mchana bado. Nilisikia Mama akiugua kwa sauti isiyokuwa yake. Bibi akatoka, akajifuta jasho kwa khanga, akamwambia jirani pale uani, nami nikiwa nyuma ya ghala nasikia, "Mtoto hashuki. Kuna kitu kimemshika."

Nilijua kilichomshika.

Nikakumbuka. Wale wachimbaji wadogo walipokuwapo, mmoja wao alinionyesha kazi yake. Zebaki ikishaishika dhahabu inakuwa kidonge cheupe, naye alikiweka kwenye kifuniko cha bati juu ya makaa. Moshi ukatoka, kidonge kikabadilika, kikabaki manjano kinang'aa. "Umeona, binti? Moto ndio unaoiachisha." Basi dawa ninayo! Bibi alipokwenda chooni nilikwangua makaa yote jikoni, nikayajaza kwenye kigae kikubwa, nikaongeza mavi ya ng'ombe makavu ili moto ukae, nikaingia ndani na kukisukuma chini ya kitanda cha Mama.

Chumba cha tembe hakina dirisha la maana. Moshi ulijaa mara moja. Mama akaanza kukohoa, akajaribu kujiinua, hakuweza. "Nyemo, unafanya nini? Nyemo, toa, nakufa!" Na mimi, masikini mimi, nilipuliza makaa kwa bidii zaidi huku machozi yananitoka, nikisema, "Vumilia Mama, anatoka, anatoka sasa hivi!"

Bibi aliingia, akanishika sikio, akakiburuta kigae kwa mikono mitupu mpaka nje. Vidole vyake viliungua. "Mwanaharamu wewe! Unataka kumuua mama yako?"

"Namwachisha zebaki, Bibi!"

"Zebaki gani?"

Nikasema yote. Korongo, kopo, marudio, maji ya bwawa, shikamoo Babu. Nilingoja kofi. Bibi hakunipiga. Uso wake ulibadilika, ukawa wa mtu nisiyemjua, na hilo liliniogopesha kuliko kofi lolote. Alitazama mlango wa chumba cha Mama.

"Nani mwingine anajua?"

"Shimo tu."

"Basi nyamaza hivyo hivyo. Hata mama yako usimwambie."

Kisha Bibi, na magoti yake yale, akakimbia. Sijapata kumwona akikimbia kabla wala baada. Alikwenda kwa jirani mwenye mkokoteni wa punda. Alikuwa ameapa mjukuu huyu atazaliwa ndani ya tembe kama alivyozaliwa baba yangu, kiapo kile akakiacha palepale uani. Tulimlaza Mama juu ya majani ya mtama, punda wakapigwa fimbo, na mimi nikashika mguu wa Mama njia nzima, mguu wa baridi uliovimba, nikiwa na hakika kwamba nikiuachia atakufa.

Hospitalini nesi alimpima, akamuuliza maswali harakaharaka. "Unakula udongo, mama?"

"Kidogo."

"Wa wapi?"

"Wa kichuguu."

Nesi aliutazama mdomo wake, kisha akatutazama sisi. "Mficha uchi hazai, mama. Niambie nikusaidie."

Bibi akasogea mbele. "Ni wa mgodini, mwanangu. Mtoto alikosea mahali pa kuchota."

Mama aligeukia ukutani akalia. Hakulia kwa uchungu wa kuzaa, nilikuwa nimekwisha kuujua huo. Alilia polepole, mabega yakitikisika, na mimi nilisimama pale mlangoni nikajua analia kwa sababu yangu, kwamba sasa anajua ana mtoto wa namna gani. Kisha wakamwingiza ndani na kumpasua.

Yohana alizaliwa hai. Hakulia kwanza, walimhangaikia sana, kisha akalia kidogo. Alitembea akiwa na miaka minne. Maneno yake huja moja moja mpaka leo, na mikono inamtetemeka, hawezi kufunga kifungo. Daktari alimwambia Baba huenda ni zebaki, huenda ni kwa sababu uchungu ulichukua muda mrefu, huenda si kimojawapo, hakuna aliyepima. Nimezigeuza sababu hizo utu uzima wangu wote na zote zinanirudia mimi. Kama ni zebaki, niliibeba mimi. Kama ni kuchelewa, mimi ndiye niliyejua na kunyamaza.

Bibi alikufa na siri yetu, kwamba sikukosea mahali bali nilichota huko makusudi na kunyamaza. Mgodi uko palepale. Yule bwana alichomeka kibao chenye fuvu jekundu, mwaka wa pili kikawa kuni. Watu wamechota marudio wakasiliba sakafu, maana ni laini na hayapasuki. Na siku hizi wamekuja wengine, wanayaosha marudio upya kwa dawa nyingine ambayo hata jina lake sijalijua, na bwawa limeteremka mpaka karibu na njia ya shule. Nikipita huko nafunga vioo vya gari, na nikifika Dodoma naosha viatu kabla ya kuingia ndani.

Mama na Yohana wanaishi kwangu sasa. Juzi Jumapili, tumetoka kanisani, Mama amekaa jikoni anachambua choroko, nikaona siwezi tena. Nikamwambia. Nilianza na lile korongo, sikuruka kitu. Mikono yake haikuacha kuchambua.

"Udongo wa kichuguu una harufu ya mchwa," akasema nilipomaliza. "Ule haukuwa nayo. Nilijua toka siku ya kwanza."

"Na hukunikataza?"

"Ulikuwa mtamu. Nani alijua wakati ule?"

"Lakini yule bwana alipotuambia niliacha, Mama. Haki ya Mungu sikurudi tena."

"Najua uliacha. Ladha ilibadilika." Akaokota jiwe kwenye choroko, akaliweka pembeni. "Mimi ndiye sikuacha. Ukiwa shuleni nilikuwa naenda mwenyewe."

Nilikasirika, nasema wazi, nilikasirika mpaka nikashika ukingo wa meza nisije nikarusha sahani. Miaka yote hii! Kila kifungo nilichomfunga Yohana, kila kikombe kilichomponyoka, nilihesabu ni mimi. Nje tulimsikia anaanika nguo, anaangusha kibanio, anaokota, anaangusha tena.

"Kwa nini hukuniambia?" nikamuuliza. "Uliniacha nibebe peke yangu?"

"Sikujua kama umebeba. Nilidhani umesahau." Hapo ndipo mikono yake ilipotulia. "Na nilikuogopa, Nyemo. Nilikuogopa wewe kuliko Bibi yako, kuliko daktari. Mimi mtu mzima nilikaa dawati la mbele, nikasikia, nikaenda. Wewe ulikuwa na miaka tisa, ukaambiwa mara moja, ukaacha."